Namba ya Baba Mkwe

Wiki niliyopaswa kuchumbiwa ndiyo wiki niliyomtaka mkwe wangu mtarajiwa aseme rangi ya mkojo wake. Aliyepanga mambo hayo mawili yaangukie wiki moja simjui, ila nikimpata tutakosana.

Nianze na kazi, maana bila kazi yangu hamtanielewa. Mimi ni muuguzi msaidizi katika kiwanda cha kusubu chuma. Vyuma chakavu vinaingia kwa mlango mmoja, vinayeyushwa tanuruni, vinamiminwa kwenye kalibu za mchanga, na kwa mlango wa pili inatoka mifuniko ya mashimo ya barabarani, magurudumu ya mikokoteni na maganda ya pampu. Joto la mle ndani linakupokea mlangoni kabla hujasema hodi. Wanaofanya kazi karibu na tanuru hutoka jasho mpaka ovaroli zao zikikauka zinabaki na ramani nyeupe za chumvi mgongoni. Mwaka uliopita mbeba mchanga mmoja alianguka kifudifudi katikati ya zamu, akalazwa hospitali, figo zikimgomea. Ndipo meneja wa usalama alipoamua kwamba kuanzia sasa kila mtu atakunywa maji kwa amri, na amri yenyewe ni mimi.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Ndani ya kila choo tulibandika kadi ya rangi, moja hadi nane. Moja ni mkojo unaokaribia kuwa maji. Nane ni chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Unajisaidia, unaangalia, unalinganisha, unakuja kuniambia namba yako. Ukifika sita, unatoka kwenye joto, unakaa chumbani kwangu mbele ya feni, unakunywa mpaka mimi niridhike. Na shingoni nilikuwa na filimbi. Nikimpulizia mtu, anaweka chini alichoshika na kutoka, awe nani, awe nani. Ili nisidanganywe, meneja aliiweka meza yangu dirishani, mkabala na milango ya vyoo, kwa hoja yake kwamba asiyekwenda haja hanywi maji.

Siku za mwanzo nilikiona cha mtema kuni. Waliniita Dada Mkojo. Walipita mbele ya dirisha langu wakinipigia saluti. Mmoja alifika mlango wa choo, akageuka, akatangaza safari yake kama mtangazaji wa mpira. Mimi hasira zangu haziko mbali, nikawaambia atakayeniita tena jina lile nitamwandikia nane hata akikojoa mvua. Wakacheka, wakazoea. Kabla ya mwezi kuisha, wanaume ambao hata jino likiwauma hawasemi walikuwa wanabishana wakati wa chai: "Mimi leo tatu." "Tatu gani, tatu yako ya jana ilikuwa nne kabisa, nimeiona kabla hujamwaga maji."

Wote walizoea, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyekuwa nataka kuolewa na mwanawe.

Baba mkwe wangu mtarajiwa alikuwa fundi mkuu wa tanuru. Amesimama mbele ya moto ule tangu kabla sijazaliwa, na chuma kikiwa tayari anakijua kwa kukitazama tu. Mwanawe, mchumba wangu, hutengeneza kalibu za mchanga upande wa pili wa karakana. Zamani mzee alikuwa akinisalimia vizuri tu, tena akinitania kwamba sindano zangu ni butu. Tangu mwanawe alipomtajia habari zangu, akaacha kabisa kusema nami. Si kwa chuki, ni kwa heshima. Akiwa na neno langu alimpa mtu mwingine, hata mimi nikiwa nimesimama palepale: "Mwambieni huyo binti wa watu kwamba mlango wake unapiga kelele, utiwe mafuta." Na mtu huyo alinigeukia na kuniambia, kana kwamba mimi sina masikio.

Nami nililipa heshima kwa heshima. Nimelelewa na shangazi yangu, na kwa shangazi mkwe hatazamwi usoni. Kwa hiyo kila niliposikia kiatu cha mzee, kile chenye chuma kisiginoni, kikigonga sakafu huko nje, nilikuwa nainamisha kichwa mezani mpaka mlio upotee.

Sasa mtu wa namna hiyo atanitajia vipi namba yake? Alimwambia meneja wazi, hawezi kumwambia mke wa mwanawe mambo ya chooni, bora afukuzwe kazi. Meneja hakutaka kumfukuza mtu pekee anayelijua lile tanuru. Wakakubaliana namba ije kwa kupokezana. Mzee angemwambia dereva wa winchi, jitu la miraba minne linaloitwa Bonge, ambalo hukaa juu kabisa kwenye kibanda chake chini ya paa. Bonge angemwambia Mama Birika, mpika chai, anayempandishia chai kwa kamba na kikapu. Mama Birika angempa mchumba wangu namba pamoja na kikombe. Mchumba wangu angeniletea mimi.

Na kila siku ilifika mbili. Jana mbili, leo mbili. Nikajivuna kama mzee ni wangu wa kumzaa. Nikamwambia mchumba wangu, "Baba yako ni mfano wa kuigwa. Kiwanda kizima hakuna anayekunywa maji kama yeye." Akakohoa kidogo, akaniuliza kama nimeshakula.

Ijumaa ile nilifika kazini nikiwa sikanyagi chini. Kesho yake, Jumamosi, wazazi wa mchumba wangu walikuwa waje nyumbani kwetu kuleta posa, na msemaji wa upande wao alikuwa mzee mwenyewe. Shangazi alikuwa ameshafua mapazia mara mbili. Asubuhi wakati natoka alinishika mkono mlangoni. "Kesho usichekecheke. Usimtazame mkwe wako. Na hizo habari zako za mikojo zisisikike ndani ya nyumba yangu, mwanangu, nakuomba." Nilimwahidi yote matatu. Ningemwahidi hata kuruka. Njiani nilimsalimia kila mtu, na wawili kati yao nadhani niliwasalimia mara mbili.

Siku hiyohiyo ukafika mzani. Meneja aliuagiza siku nyingi. Hesabu yake ni kwamba mtu apimwe anapoingia na apimwe tena mchana. Kilo moja iliyopotea ni lita moja ya jasho ambayo hajairudisha. Watu waliupenda mzani kuliko kadi, maana mzani hauulizi. Hata mzee alikuja. Alipanda akitazama dari, mimi nikisoma huku natazama miguu yake, akashuka, akaondoka. Tulikuwa kama wezi wawili wanaogawana mali gizani.

Mchana wakaja tena. Wengi walikuwa wamepungua kidogo, na mbeba mchanga mmoja alikuwa ameongezeka, akasingizia kande. Kisha akapanda mzee. Nikasoma. Nikasoma tena. Alikuwa amepungua kilo mbili na nusu.

Alishuka, akaenda zake tanuruni, mimi nimebaki na kalamu hewani. Namba yake ya siku ile nilikuwa nimeshaletewa: mbili. Mtu mwenye mbili amejaa maji. Mtu aliyepungua kilo mbili na nusu tangu asubuhi amekauka. Mzee hawezi kuwa watu wawili.

Nikaulaumu mzani. Nilipanda mwenyewe, ukanitajia ukweli ambao sikuutaka siku moja kabla ya kuchumbiwa. Nikapandisha mfuko wa saruji wa kilo hamsini, ukasema hamsini. Nikamwita mlinzi wa geti, akapima, akaomba apime tena bila viatu, akaomba apime tena bila mkanda, nikamfukuza. Mzani ulikuwa mzima. Basi mwongo alikuwa mwingine.

Nilimkuta mchumba wangu amepiga magoti, anashindilia mchanga kwenye fremu, anaimba wimbo usio na maneno. Naye alikuwa na furaha ya kesho. Nilikaribia kumwonea huruma.

"Baba leo alikuwa na namba ngapi?"

"Mbili. Si nimeshakwambia?"

"Wewe uliambiwa ngapi?"

Akaupigapiga mchanga uliokwisha kushindiliwa. Mtu mkweli swali lile halimchukui muda.

"Tatu," akasema.

"Na mbili umeitoa wapi?"

"Sasa, ni baba yangu. Kesho tunakuja kwenu. Nikaona nimpunguzie moja."

"Mkojo unapunguzwa?"

"Moja tu. Huo si uongo, hiyo ni adabu."

Nilimpenda na nikataka kumpiga na sepetu, vyote viwili kwa pamoja. Lakini tatu bado ni namba ya mtu mzima wa afya, na mzani haukusema tatu. Nikamwacha na mchanga wake, nikaenda kwa Mama Birika nikitembea haraka haraka.

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe kwenye beseni. Nilimuuliza bila kuzunguka, aliambiwa namba ngapi.

"Nne," akasema, wala hakuona aibu. "Lakini nikajiuliza, mtu mzima yule, baba wa watu, nne itamfikiaje mkwe wake siku moja kabla ya posa? Nikamwambia kijana tatu. Moja haiui."

"Mwanawe naye kapunguza."

"Naye kapunguza?"

"Moja, kwa adabu."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa beseni. Halafu kicheko kikamwisha polepole, na nikaona anapiga hesabu ileile niliyokuwa napiga mimi. "Kwa hiyo nani amebaki ambaye hajapunguza?" akauliza. Sote wawili tukainua macho juu, kwenye kibanda cha winchi.

Nilianza kukimbia. Muuguzi hapaswi kukimbia, watu huogopa, na kweli waliogopa, wakaniachia njia. Nikafika chini ya kibanda, nikamwita Bonge. Kelele za karakana zilimeza sauti yangu, nikamwonyesha kwa mikono: mzee, namba, ngapi. Alielewa mara moja. Mtu mwenye hatia huelewa upesi. Akachomoa mkono dirishani, akanionyesha vidole vinne. Nikatikisa kichwa, nikaendelea kumkazia macho. Akaangalia pembeni. Kisha, taratibu, kama mtu anayelipa kwa kulazimishwa, akaongeza kidole gumba.

Tano. Na hiyo ni tano iliyotoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Sasa mtu ambaye watu watatu wamempunguzia kwa heshima, yeye mwenyewe amejipunguzia ngapi? Nilikuwa sicheki tena.

Mbele ya tanuru kuna mstari wa njano umepakwa sakafuni. Ndani ya mstari ule maji hayaingii, hata tone. Chuma kilichoyeyuka kikiangukia mahali penye maji kinaruka juu kama kimetukanwa, na watu wameungua kwa sababu ya chupa moja iliyovuja. Kwa hiyo watu wa tanuru hutoka kuja kunywa kwenye pipa lililo mlangoni, wanakunywa, wanarudi. Wasaidizi wa mzee niliwajua kwa pipa lile. Nikiwa nimesimama pale mstarini, ndipo nilipotambua kwamba mzee sijawahi kumwona kwenye pipa hata siku moja tangu nipewe dirisha.

Walikuwa wanajiandaa kumimina. Ndoo kubwa ya chuma ilikuwa inaning'inia tupu kwenye mnyororo wa winchi, ikisubiri mdomo wa tanuru ufunguliwe. Wasaidizi walikuwa wameloa kama wametoka kuoga. Mzee alisimama mbele yao na aproni yake ya ngozi, na uso wake ulikuwa mkavu. Hilo ndilo lililonitoa roho. Mbele ya moto ule, katika umri ule, hakuwa na jasho hata la kusingizia. Akainua mkono kumpa Bonge ishara. Mkono ukapanda, ukashuka nusu, ukapanda tena, ukabaki hewani kama umesahau ulitumwa nini. Bonge hakuigusa winchi.

Nisiseme uongo, niliifikiria kesho kwanza. Niliyaona mapazia ya shangazi. Nilijua kwamba nikipuliza, nitakuwa nimemtoa baba mkwe wangu kwenye tanuru lake, mbele ya wasaidizi wake, kwa habari ya chooni, na mtu mwenye haya kama yeye anaweza kuamka kesho akasema mguu unamuuma, haendi popote. Na kama haendi yeye, hakuna anayekwenda. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anafichiwa na watu watatu, mimi nikiwa wa nne kwa kuinamisha kichwa.

Nikapuliza. Filimbi ile ni kali, hata tanuru lilionekana kunyamaza. Wote wakageuka. Sheria inasema lazima nimtaje ninayemtoa.

"Baba," nikasema. Sijawahi kumwita hivyo, sijawahi kumwita chochote. "Baba, toka uje unywe maji."

Mzee hakunitazama. Akasema, sauti imekauka kama koo lake, "Mwambieni huyo binti wa watu kwamba mimi namba yangu imeshapelekwa."

Msaidizi wa kwanza akaangalia viatu vyake. Wa pili akaanza kukagua koleo ambalo halikuwa na shida yoyote. Mzee akainua uso kumtafuta Bonge kule juu. Bonge akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti iliyokaribia kilio. "Mzee, nisamehe. Mwambie mwenyewe. Mimi nimeacha kubeba."

Nilidhani atakasirika. Alichofanya ni kumkabidhi msaidizi wa kwanza kazi kwa kutikisa kichwa, akatembea kuja mstarini, hatua moja moja, chuma cha kisigino kikigonga, akavuka, na magoti yakamwisha. Mchumba wangu alikuwa ameshafika nyuma yangu. Tulimdaka pamoja, tukamketisha juu ya sanduku la mchanga nje ya mlango, kwenye kivuli, nikamvua aproni, nikamwekea kitambaa kibichi shingoni, nikamkorogea maji yenye chumvi kidogo na sukari. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Akanywa tena. Polepole jasho likamrudia kwenye paji la uso.

"Namba ngapi?" nikamuuliza. "Ile ya kweli."

Alikitazama kikombe. Kisha, naapa, akakiambia kikombe. "Mwambie huyo binti wa watu ni saba."

Mchumba wangu akaguna. Mimi nikakiuliza kikombe, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwepo, kwa nini mzee hanywi maji.

"Mwambie," mzee akakiambia, "kwamba mtu akinywa maji lazima aende haja. Na njia ya kwenda haja inapita mbele ya dirisha lake. Mimi nina akili zangu, mtu mzima, mkwe wangu amekaa pale, nipite mbele yake, nirudi, nipite tena, nirudi, kama mbuzi aliyefunguliwa zizini? Nasubiri aende kula, ndipo naenda. Na ili niweze kusubiri, sinywi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe aliyekuwa anamkausha mzee ni mimi, mlinzi wa maji. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa kulinda jina jema la shangazi yangu huku nasikiliza kiatu, na kiatu kilikuwa kinafika kwenye kona, kinaona dirisha, kinarudi. Sikujua nicheke au nilie. Nilicheka. Nilicheka vibaya, kwa sauti, nimekaa chini kwenye vumbi, na mzee akainuka, akakabidhi kikombe kwa mwanawe, akaenda zake nyumbani bila kuniangalia.

Jioni ile Mama Birika alinikorogea gundi ya unga, tukalibandika dirisha lote magazeti mpaka juu. Meneja alipouliza nitamwonaje asiyekwenda, nilimwambia kuanzia leo nitawauliza watu wenyewe, na kama ana neno akae yeye pale. Akaenda zake. Lakini gazeti halikunipa usingizi. Shangazi nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Ulimpulizia filimbi," akarudi jikoni, na nilimsikia akilirudia neno lile peke yake.

Jumamosi walipaswa kufika saa nne. Saa nne ikafika, wao hawakufika. Baba mdogo, ambaye angesema kwa niaba yetu, alikuwa amevaa koti na anatoka jasho ndani yake. Shangazi alisimama nyuma ya pazia akichungulia barabara. Saa tano ikafika. Soda zikaanza kupoteza ubaridi. Nilikaa chumbani na gauni langu jipya, nikijiambia kwamba ningepuliza tena, ningepuliza hata kama anayetoka ni mimi, na kila nikijiambia hivyo machozi yalinitoka, kwa sababu ilikuwa kweli na haikunisaidia chochote.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke mlangoni, mama mkwe, analalamika hata kabla ya salamu. "Mtusamehe sana, jamani. Si mimi, ni huyu. Tangu jana anakunywa maji kama anazima moto tumboni. Kila tulipopita penye choo, anashuka. Tumemwangalia akishuka mpaka tumechoka."

Waliketi. Nikaitwa. Nikaingia na macho yangu sakafuni kama nilivyofundishwa, nikaketi mkekani karibu na shangazi. Niliviona viatu vya mzee, vimepakwa rangi, kile kimoja na chuma chake. Mchumba wangu sikumwona ila magoti. Shangazi akapitisha maji kwenye sinia. Mzee akachukua glasi, akamaliza. Akachukua ya pili. Kisha akakohoa, sebule ikatulia, na akaanza kusema, kwa sauti ya watu wa heshima, kwamba wao wamekuja katika nyumba hii kwa sababu wameona humu kuna ua.

Akaishia hapo. Tukasubiri. Baba mdogo akatabasamu kumsaidia. Kiatu chenye chuma kikaanza kugongagonga sakafu.

"Kabla sijaendelea," akasema, "naomba kuonyeshwa choo."

Shangazi akalitua sinia mkekani. Katika nyumba yake, katikati ya posa, mkwe mkubwa anauliza choo mbele ya bibi harusi mtarajiwa. Baba mdogo akanyanyuka, akamwongoza. Sisi tuliobaki tuliangalia mapazia yaliyofuliwa mara mbili. Hakuna aliyethubutu kugusa soda.

Mlango wa nyuma ukafungwa. Viatu vikarudi, vikaingia sebuleni, vikavipita viti vyote, vikasimama mbele yangu. Niliahidi kutomtazama. Nilimtazama. Alikuwa ananitazama mimi, si ukuta, si kikombe, na paji lake la uso lilikuwa linang'aa jasho.

"Mbili, mwanangu," akaniambia. "Na sijapunguza."

Shangazi akauliza mbili nini. Hakupata wa kumjibu, maana upande wa pili wote ulikuwa umeangua kicheko, na mimi, mbele ya wageni, nilikuwa nalia na kucheka na kutafuta kalamu.